Kunguru na Mlio Usio Wake

Ukitoka mjini Nakuru kwa barabara kuu ya Nairobi, si mbali na mtaa wa Section 58, utakikuta kilima cha mawe kinachoitwa Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Louis Leakey alikitambua mwaka 1926, na Mary Leakey akakichimba mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi na makao ya watu walioishi hapo muda mrefu kabla ya kuwepo mji. Watu hao waliacha mashimo ya bao waliyoyachonga katika jabali lenyewe, na hadi leo yapo. Kutoka kileleni unaliona Ziwa Nakuru. Hekaya hii ni ya pimbi wa kilima hicho na ya majirani waliowajia maji yalipopanda.

Maana maji yalipanda kweli. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa lilitambaa mwaka baada ya mwaka, likaua migunga ya ufukoni ikiwa imesimama, likameza hata lango kuu la hifadhi ya wanyama. Wanyama wa ufukoni walibeba walichoweza wakahamia juu. Kuro alikuja na wanawe. Nyani alikuja na ukoo mzima. Kanga alifika akafungua duka la mbegu kabla hata hajapata pa kulala. Fisi naye alikuja, akasema anakopesha. Kwa muda mfupi kilima kilichokuwa cha jamii moja kikawa kijiji cha watu wasiojuana.

Wenyeji walikuwa na desturi moja ambayo wageni waliipenda wakaifuata. Kila mkaazi alikuwa na mlio wake. Sisemi sauti ya kusalimiana njiani. Nasema ule mlio ambao ukipigwa mbele ya pango, mwenye pango atatoka hata kama alikuwa usingizini. Pimbi huishi kwa mlio. Wakiwa malishoni, mmoja huketi juu ya jabali akilinda, na Tai mweusi akionekana angani, mlinzi hupiga mlio na wote huzama katika nyufa. Mtoto akipotea huita kwa mlio wa mamake. Mgonjwa huita mkunga kwa mlio wa mkunga. Kwa hiyo mlio haukutolewa ovyo. Ulimpa mtu mlio wako kwa sababu ulitaka akuite siku fulani, kwa jambo fulani.

Mama Kito alikuwa pimbi mjane mwenye watoto wawili. Mlio wake ulikuwa mbinja tatu fupi na moja ndefu, na alikuwa ameurithi kwa mamake. Waliokuwa nao walihesabika: wanawe, dada yake aliyeolewa mlima wa Menengai, wenzake wa chama, na Kuro, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Nyani pia alikuwa nao, kwa sababu usiku mmoja mwanawe aliugua homa, na Mama Kito akamwambia, “Akizidiwa, niite, usiogope saa.”

Kijiji kilipojaa, wazee waliweka lango, wakamweka Kobe kuwa askari wake. Kobe alikuwa mnyoofu na mwenye bidii. Alichukua makaa akawa anaandika juu ya lile jabali pana lenye mashimo ya bao: nani ameingia, anakwenda kwa nani, amekuja kufanya nini, na mlio wake ni upi. “Ni kwa ajili ya usalama,” alisema, na hakuna aliyebisha, maana nani angetaka kuonekana adui wa usalama? Hata wenyeji waliotoka asubuhi kutafuta majani waliandikishwa walipokuwa wakirudi. Jabali lilijaa. Kobe hakufuta kitu. Jua lilipozama alikwenda kulala, na jabali likabaki pale pale, makaa meusi juu ya jiwe jeupe, mbele ya kila apitaye na kila arukaye.

Kanga naye dukani alianza kuchukua milio ya wateja. “Niachie, nikuite mbegu mpya zikifika.” Fisi alikwenda mbali zaidi. Aliyetaka mkopo alitakiwa kutoa mlio wake na milio mitatu ya watu anaowajua. Nyani alikuwa na njaa na watoto wengi. Alikopa, akataja milio mitatu, mmoja wake ukiwa wa Mama Kito. Hakumwuliza, na aliporudi hakumwambia.

Ndipo alipotokea Kunguru.

Kunguru huyu alikuwa na kifua cheupe na mabawa meusi yanayong'aa, na ulimi usiochoka. Aliuza mapango. Mapango yenyewe yalikuwa ukingoni mwa Menengai, na mwenye mali alikuwa Mwewe, tajiri ambaye hakuna kijijini aliyewahi kumwona akitua. Mwewe alimpa Kunguru sharti: kila mwezi mwandamo auze mapango kumi. Akifikisha, atakula mafungu kumi ya viwavi. Asipofikisha, hali. Kunguru alikuwa na makinda matatu. Siku ya kwanza alijaribu kubisha hodi mlango kwa mlango, akauza pango moja. Siku ya pili aliruka juu ya lango jioni, akatazama chini, akaliona jabali la Kobe. Alitua. Alisoma kutoka juu hadi chini mpaka akaijua milio yote kwa moyo.

Kesho yake alfajiri, mbinja tatu fupi na moja ndefu zililia mbele ya pango la Mama Kito. Alitoka mbio, moyo ukimdunda, akijua Kito alikuwa amelala kwa shangazi yake.

“Mama Kito! Habari ya asubuhi, mamangu,” alisema Kunguru. “Nimekuletea bahati. Mapango ya Menengai, hewa safi, na bei ni ya leo tu.”

“Mlio wangu umeupata wapi?”

“Umechaguliwa, mama. Ni wachache tu tuliowachagua.”

Mama Kito alikuwa amelelewa kutomvunjia mtu heshima mlangoni pake. “Leo nina shughuli nyingi, baba,” alisema. “Labda siku nyingine.”

Kunguru aliishika ile labda akaondoka nayo. Jioni alirudi. “Ulisema siku nyingine, nikaona hata jioni inafaa.” Kesho yake alirudi mara mbili. Mama Kito alisema hana akiba. Kunguru akasema Fisi anakopesha. Mama Kito akasema anahitaji kushauriana na dada yake. Kunguru akaruka mpaka Menengai, akamwita dada huyo kwa mlio wake, akamwambia kuwa Mama Kito amekwisha kukubali. Kila sababu aliyoitoa iligeuzwa kuwa kazi mpya ya kumrudisha muuzaji mlangoni.

Mwishowe alisema wazi. “Kunguru, sitaki pango. Sitaki leo, sitaki kesho. Mlio wangu usiupige tena, na popote ulipouandika, ufute.” Alisema hivyo mbele ya Kuro, ili awepo shahidi.

Kunguru hakuja tena. Wakaja wapwa zake. Mmoja alikuwa na sauti nyembamba, mwingine nzito, wa tatu alijifanya Kuro. Kila mmoja alianza upya kwa bashasha, kana kwamba hajawahi kusikia kuwa mwenye pango amekataa. Mama Kito alipoizoea sauti moja na kuizibia masikio, ilikuja nyingine. Naye Fisi, baada ya Nyani kushindwa kulipa, alianza kumtuma mjumbe usiku. Alipiga ule mlio akimtaka Mama Kito amwambie Nyani alipe, la sivyo kijiji kizima kitajua kuwa anaishi na wezi. Mama Kito hakuwa amekopa hata punje. Deni alilisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa anayelidai.

Basi alifanya ambalo sote hulifanya. Aliacha kutoka. Mlio ulipolia alibaki ndani, akijiambia ni wale wale.

Alasiri moja mlio ulilia mara tatu, na kila mara ulikuwa dhaifu kuliko uliotangulia. Mama Kito alikuwa ndani akimnyonyesha mdogo. Hakutoka. Mbali kidogo, chini ya jiwe lililoinama, Kito alikuwa amebanwa mguu katika ufa, na kivuli cha Tai kilikuwa kikizunguka nyasini. Kuro ndiye aliyepita njia hiyo. Alisimama juu ya mtoto kwa miguu minne, akabaki pale mpaka Tai akakata tamaa. Kisha alimbeba Kito nyumbani akiwa na kidonda kilichokaa miezi kabla ya kupona.

Hapo ndipo kijiji kilipokusanyika, na kila mtu alikuwa na shauri. Kanga alimshauri Mama Kito abadilishe mlio. “Chukua mpya, wale wahuni wabaki na wa zamani.”

“Huu ndio wanaonijua kwao,” alijibu. “Dada yangu, chama changu, mkunga, wanangu. Nikiubadilisha, nitapotelewa na walio wangu ili nimpishe asiye wangu. Kwa nini aliyekosewa ndiye ahame?”

Sungura, mwenye akili za haraka, alikuwa na lake. Alijua kiota cha Kunguru na mlio wa mkewe. “Tuuandike jabalini kwa herufi kubwa. Kila mtu aende kumwita usiku, naye aonje.” Wengi walipiga makofi. Mama Kito alikataa. “Mkewe hakuniita. Makinda yake hayakuniita. Tukifanya hivyo tutakuwa tumekubali kuwa mlio wa mtu ni wa kuchezewa na kila mwenye hasira. Mimi nimekuja kukataa jambo hilo hilo.”

Alichokitaka kwanza ni kujua chanzo. Siku ya soko iliyofuata, Kobe alipomwomba mlio langoni, alimpa wake, ila mbinja ndefu aliikata mwishoni. Dukani kwa Kanga aliupiga na kuongeza mdundo mdogo wa ulimi. Wanawe na wenzake wa chama walibaki na mlio kamili, naye Nyani alibaki na ule ule aliopewa usiku wa homa. Kisha alirudi nyumbani, akaketi na Kuro, akasubiri.

Siku tatu hazikupita. Mpwa wa Kunguru alikuja na mbinja iliyokatwa mwishoni. Usiku wake mjumbe wa Fisi alikuja na mlio kamili. Ule mdundo wa ulimi haukusikika kamwe. Mama Kito aliweka kokoto kwa kila mwito, akapanga za asubuhi upande mmoja na za usiku upande mwingine, na kando ya kila kokoto akakariri maneno yaliyosemwa. Alipokwisha, alizibeba zote kwa Bi Twiga.

Bi Twiga ndiye aliyekabidhiwa na wazee kazi ya kulinda milio. Hakuwa na meno makali wala pembe za kutisha. Alikuwa na shingo ya kuona mbali na subira ya kusikiliza. Aliwaita wote.

Kunguru alijitetea kwa mambo matatu. Jabali liko wazi, hakuvunja mlango wa mtu. Mlio ni upepo tu, haupungui ukitumiwa. Tena mapango ni mazuri kweli, alitaka kumsaidia mjane.

“Mama Kito alimwachia Kobe mlio ili Kobe ajue nani ameingia,” alisema Bi Twiga. “Kazi hiyo iliisha alipofika kwake. Jabali kuwa wazi ni kosa la Kobe, halikukupa wewe haki. Na mlio haupungui, ni kweli, lakini imani ya anayeusikia hupungua. Mtoto aliita mara tatu na mamake akabaki ndani. Hiyo ndiyo hasara, na kidonda chake tumekiona. Ama uzuri wa mapango, hakuna aliyeuulizia. Alikwambia hataki, shahidi akiwepo. Baada ya hapo kila mwito ulikuwa kosa jipya, hata ukipigwa na sauti nyingine.”

Mwewe aliitwa, akashuka kwa mara ya kwanza. Alisema hakumtuma Kunguru kuchukua milio, alimtuma kuuza.

“Ulimwuliza wateja anawapata wapi?”

“Sikumwuliza.”

“Mapato uliyapokea?”

“Niliyapokea.”

“Basi jambo ni lako kabla ya kuwa lake. Wewe ndiwe uliyeweka sharti la mapango kumi, na wewe ndiwe uliyeneemeka.”

Hukumu ilikuwa hivi. Mwewe alipe fidia ya mguu wa Kito, na milio yote iliyookotwa jabalini isahauliwe mbele ya mashahidi. Kunguru aruhusiwe kuuza, maana makinda yake nayo yanakula, lakini aanze kwa kubisha hodi na aondoke akiambiwa hapana. Fisi asimdai asiyekopa. Nyani aende kwa kila aliyemtaja, akaeleze alilofanya, kwa kuwa alikuwa ametoa rehani kitu kisicho chake. Kobe aandike yale tu ambayo lango linayahitaji, afunike jabali lisionekane na apitaye, na afute kila kazi inapokwisha. Kanga, ambaye mdundo wake haukusikika popote, alisifiwa mbele ya kijiji.

Hekaya inaishia hapo, lakini jambo lenyewe halikuishia kilimani.

Sisi wa Section 58 na mitaa mingine ya Nakuru tunaliishi kila siku. Daftari la Kobe liko kwenye lango la nyumba za kupanga, kwenye mapokezi ya jengo la ofisi, kwenye meza ya wakala wa M-Pesa, kwenye fomu ya bahati nasibu ya dukani, kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Anayeandika baada yako anasoma yako. Wiki mbili baadaye simu inalia, na sauti usiyoijua inakuita kwa jina ikikuuliza kama umewahi kufikiria kununua ploti. Fisi naye tunamjua. Zipo programu za mikopo ya simu zilizojipatia nambari za ndugu, marafiki na waajiri wa mkopaji, kisha zikawasumbua watu ambao hawakukopa hata shilingi.

Na Bi Twiga tunaye. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya habari za familia yake au mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu, na haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliipa haki hiyo nguvu ya utekelezaji na kuanzisha Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Immaculate Kassait ndiye Kamishna wa kwanza, aliyeapishwa Novemba 2020, na huduma za ofisi hiyo zimefika hapa Nakuru pia.

Sheria inasema yale yale aliyoyasema Bi Twiga. Taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zisigeuzwe kuwa za kazi nyingine. Kinachokusanywa kiwe kile tu kinachohitajika. Mwenye taarifa ana haki ya kuambiwa zinatumiwaje, ya kuziona, ya kupinga zisitumiwe, na ya kutaka zifutwe. Anayetaka kuzitumia kwa biashara lazima awe na ridhaa ya mwenyewe au ruhusa ya sheria, na kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayetangaza bidhaa moja kwa moja kwa mteja ampe njia rahisi ya kujitoa.

Hayakubaki maandishi tu. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini kwa taasisi tatu. Kampuni ya mikopo ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine kuwapigia simu na kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tazama nani aliyetozwa. Ni kampuni, kilabu na shule, wala si kijana aliyeshika simu au kamera. Sheria inaruhusu adhabu ifike shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Kando ya faini, aliyeumizwa anaweza kudai fidia, na dhiki ya moyo ni sehemu ya madhara yanayotambuliwa.

Njia ya Mama Kito inafuatika, hatua kwa hatua. Simu ikija, uliza mambo mawili: anayepiga ni wa kampuni gani, na nambari yako aliipata wapi. Anayekwepa swali la pili amekwisha kulijibu. Kataa kwa maneno kamili, kwa sababu muuzaji mwenye sharti la mauzo huihesabu labda kuwa ndiyo ya kesho. Sema hutaki, nambari yako ifutwe, na usipigiwe tena. Kisha tuma maneno hayo hayo kwa ujumbe, ili yawepo kwa maandishi yakiwa na tarehe. Hifadhi kila kitu: siku, saa, nambari iliyopiga, picha ya ujumbe. Ukizuia nambari moja na ikaja nyingine, hiyo nayo iandike. Iandikie kampuni yenyewe, maana hiyo ndiyo Mwewe. Wakiendelea, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria inakuruhusu kulalamika kwa maandishi au hata kwa mdomo, na inataka jambo lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kutambua nambari inatokea wapi nako kunawezekana. Duka moja liandikie jina lako na herufi ya kwanza ya jina la baba, lango liandikie jina na herufi ya jina la ukoo. Zote ni zako, hujadanganya. Ujumbe wa biashara ukija na mojawapo, umejua daftari lililovuja.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji Kamishna. Kabla hujampa mkopeshaji nambari ya dada yako au ya mwalimu wa mtoto wako, mpigie mwenyewe umwombe. Usipoomba, utakuwa umemtoa rehani mtu aliyekuamini usiku wa shida. Kamati za nyumba za kupanga nazo zijiulize nambari ya kitambulisho cha mgeni inawasaidia nini. Kama jina na mlango anaoelekea vinatosha, wabaki na hivyo. Daftari likae ndani ya kibanda cha askari, aandike askari mwenyewe, na kurasa za zamani zichomwe kwa ratiba inayojulikana. Askari wa lango hufuata amri aliyopewa, hivyo amri ndiyo ibadilishwe.

Naandika haya kwa sababu nawaona watu wengi wakiwa wameacha kupokea simu wasizozijua. Wamechoka, na nawaelewa. Lakini katika simu hizo imo ya muuguzi wa hospitali ya kaunti, ya shule mtoto akiugua, ya msamaria aliyeokota kitambulisho barabarani. Anayeitumia nambari yako bila ridhaa anachukua zaidi ya dakika zako. Anachukua uwezo wa walio wako kukufikia. Kwa hiyo kupeleka malalamiko si ugomvi mdogo wa mtu asiye na kazi. Ni kuwatetea wote wanaohitaji kwamba wakikuita, utatoka. Na ukiulizwa kwa nini hutaki ploti, si lazima ujibu. Anayekataa hadaiwi sababu. Anayepiga ndiye anayepaswa kueleza aliipata wapi nambari yako, na kwa ruhusa ya nani.